KUNGUMANGA ZA ST. JOHN NA KITALU CHETU



Tangu msimu uliopita kumekuwa na maneno mengi katika matawi juu ya makato ya kitalu. Wako wanaosema kuwa fedha ile ingekuwa bora igawiwe kwa wanachama pamoja na malipo ya karafuu, kwani mikarafuu yetu ipo, imesimama, na mwenye kutaka mche anaweza kuuomba Serikalini au kuung'oa chini ya mti wa jirani yake. Wengine wameleta hoja rasmi kwamba kitalu kifungwe kwa muda wa miaka mitatu, kisha kifunguliwe tena ikionekana haja. Hoja hiyo itajadiliwa katika Mkutano Mkuu, na kila mwanachama ana haki ya kuipigia kura kama aonavyo. Sisi tuna rai yetu, nayo tutaieleza hapa bila ya kuificha. Lakini kwanza twaomba msomaji atuvumilie tumpeleke mbali kidogo, mpaka kisiwa kimoja cha bahari ya Karibi, akawatazame watu wanaoishi kwa mti wa viungo kama tunavyoishi sisi, na yaliyowapata.

Kisiwa chenyewe chaitwa Grenada, nacho kiko kaskazini ya Trinidad. Urefu wake ni kiasi cha kilomita 34 na upana wake 19. Pamoja na visiwa vidogo vya Carriacou na Petite Martinique, nchi yote ni kilomita za mraba 344, yaani kama theluthi moja ya Pemba, na watu wake ni laki moja na kitu. Kisiwa kikubwa kimegawanywa sehemu sita, na kila sehemu huitwa parokia, kwa kuwa zamani mipaka yake ilifuata makanisa. Wazee wetu wangaliziita mudiria. Tunayotaka kuizungumza ni moja tu, nayo ni St. John, iliyo upande wa magharibi. Ukubwa wake ni kilomita za mraba 35 hivi, na wakaazi wake kiasi cha 8,500. Basi ni mahali padogo kabisa, na aghalabu hata katika ramani kubwa za dunia jina lake halimo.

Nchi ya St. John imeinuka kama paa la makuti. Kipaa cha juu ni milima ya katikati ya kisiwa, iliyofanywa na moto wa chini ya ardhi zama za kale, na kutoka huko mabonde hushuka kwa ghafla mpaka baharini, kila bonde na mto wake. Mahali mto unapomwagikia pwani ndipo pana kijiji: Gouyave, ambao ndio mji wa parokia, kisha Grand Roy, kisha Concord, ambako juu yake yako maporomoko ya maji wanayokwenda kuyatazama watalii. Ukiupanda mlima utavikuta vijiji vya Clozier na Florida ndani ya mashamba. Ardhi iliyo sawa ni haba mno. Barabara ya pwani hupita katikati ya bahari na mteremko, na mvua hunyesha zaidi kila unapozidi kupanda. Udongo ni mzito na una rutuba, na kuna kivuli na unyevunyevu. Mwenyeji wa Pemba atafahamu upesi, kwani na kwetu upande wa magharibi, wenye vilima na mabonde, ndio upande wa mikarafuu, na mashariki kwenye mawe ni kwa mambo mengine.

Jina la Gouyave ni la Kifaransa, na maana yake ni pera. Waingereza walipoitwaa nchi waliupa mji jina jipya, Charlotte Town, wakaliandika katika karatasi zao. Watu wakaendelea kusema Gouyave, na hata leo ni Gouyave. Lugha yenyewe ya Kifaransa imekwisha kupotea vinywani isipokuwa kwa masalio machache, lakini majina ya mahali yamebaki. Huo ni mkasa ambao nasi twaujua. Ramani hubadilishwa na watawala, na mwenye kwenda shamba hutaja jina alilolitaja babu yake.

Ama taarikh yao si nyepesi. Wenyeji wa asili walikuwa Wakaribi. Wafaransa walikuja kukaa kwenye mwaka 1649, na katika miaka michache wakawamaliza wenyeji hao kwa vita. Huko kaskazini, katika parokia ya St. Patrick, pana jabali ambalo baadhi yao walijirusha kutoka juu yake mpaka baharini mwaka 1651 kuliko kushikwa. Baadaye wakaletwa Waafrika, wakafanywa watumwa katika mashamba ya miwa, kahawa na kakao. Waingereza waliiteka nchi mwaka 1762, Wafaransa wakairejesha mwaka 1779, Waingereza wakaipata tena mwaka 1783. Kila bendera ilipobadilika, mtumwa aliamka alfajiri ile ile akashika jembe lile lile.

Katika milima ya St. John palikuwa na shamba liitwalo Belvidere, na mwenyewe alikuwa Julien Fédon, mtu huru, baba yake Mfaransa na mama yake mweusi. Watu wa namna yake walikuwa na mali lakini hawakuwa na haki, khasa walipokuwa Wakatoliki chini ya Waingereza. Usiku wa tarehe 2 Machi 1795 wafuasi wake waliingia Gouyave na Grenville kwa wakati mmoja. Gavana, Ninian Home, alikuwa shambani kwake upande wa pili wa kisiwa. Alipojaribu kurudi mji mkuu kwa njia ya bahari alikamatwa hapo hapo Gouyave. Akapelekwa juu mlimani katika kambi ya Fédon, na mwezi uliofuata aliuawa pamoja na mateka wengine, jumla yao 48. Maelfu ya watumwa waliacha mashamba wakajiunga. Mwaka na zaidi Waingereza hawakuwa na amri ila katika mji mkuu na kandokando yake. Majeshi yao yalipoipanda milima ile, mwezi wa Juni 1796, waliwashika wengi na kuwanyonga, lakini Fédon mwenyewe hakuonekana tena, hai wala maiti. Damu nyingi ilimwagika pande zote mbili na sisi hatutaki kuipamba. Twasema tu kwamba huko hakuna mtoto wa skuli asiyelijua jina la Belvidere.

Utumwa ulifutwa kwa sheria mwaka 1834 na uhuru kamili ukaja tarehe 1 Agosti 1838. Waliolipwa fidia ni wenye watumwa. Watumwa wenyewe hawakupewa kitu. (Kwetu mwaka 1897 fidia ilikwenda upande huo huo.) Wenye mashamba wakawa hawana wafanyakazi wa bure, wakaagiza watu kutoka Bara Hindi kwa mikataba: jahazi la kwanza, Maidstone, lilifika tarehe 1 Mei 1857, na katika muda wa miaka thelathini hivi walikuja Wahindi wapatao 3,200. Lakini miwa haikuinuka tena. Waliokuwa watumwa walinunua au kukodi vipande vya ardhi milimani, eka moja, eka mbili, wakapanda vyakula vyao na kakao. Hivyo ndivyo St. John ilivyokuwa nchi ya wakulima wadogo.

Hapo ndipo linapoingia jambo letu. Wenyewe husimulia kuwa kungumanga ya kwanza ilipandwa mwaka 1843, tena katika shamba lile lile la Belvidere. Mwanzoni ulikuwa mti wa kujifurahisha tu. Lakini kwenye miaka ya 1850 na 1860 ugonjwa uliyaangamiza mashamba ya kungumanga ya Penang na Singapore, bei ikapanda, na wenye ardhi wa Grenada wakatambua wana kitu gani milimani. Mkulima mdogo naye aliupenda mti huu kwa sababu nyepesi: muwa unataka kinu na mtambo na ng'ombe, kungumanga inataka kikapu na mikono miwili.

Twapenda kuieleza kazi yao kidogo, kwani mchumaji wa karafuu atastaajabu. Sisi tunapanda juu ya mti, tunahatarisha shingo zetu, na tukichelewa siku chache karafuu inachanua na bei imepotea. Wao hawapandi. Tunda la kungumanga likiiva hupasuka lenyewe na mbegu huanguka chini, na kila siku watu, wengi wao wanawake, hupita chini ya miti wakiokota. Juu ya gamba la kokwa imejizungusha basbasi, nyekundu kama kitambaa cha darizi. Huivua kwa vidole na kuiweka mbali, kwani ina bei yake. Hata nyama ya tunda haitupwi, hupikwa jamu. Kisha mzigo hupelekwa kwenye kituo, ukapimwa, mkulima akapewa malipo yake ya kwanza na karatasi. Katika kituo kikubwa cha Gouyave, kilichoko karibu na pwani, kungumanga hutandazwa juu ya trei za mbao muda wa kiasi cha wiki nane, hupinduliwa zisioze, halafu huvunjwa magamba kwa mashine. Zikishavunjwa hutiwa majini: nzito zinazozama ndizo za kuuzwa kwa chakula, nyepesi zinazoelea huwekwa kwa kukamuliwa mafuta. Wanawake huzichagua kwa mkono, zikatiwa katika magunia, na magunia yakapigwa chapa ya mji yanakokwenda. Basbasi hukaa ghalani miezi kadhaa mpaka wekundu wake ugeuke manjano.

Kituo hicho si cha tajiri mmoja. Ni cha chama cha ushirika cha wakulima wa kungumanga, kilichoanzishwa mwaka 1947, ambacho ndicho kilichopewa haki ya kununua na kusafirisha kungumanga za Grenada yote. Kabla yake mkulima alikuwa mikononi mwa wachuuzi waliompa walichotaka. Chama kiliweka utaratibu huu: mkulima hulipwa sehemu anapoleta, na mwisho wa mwaka, mauzo ya nchi za nje yakishahesabiwa na gharama zikatolewa, ziada hugawiwa kwa kadiri ya ratili alizoleta kila mmoja. Si ajabu kwamba nchi ilipopata uhuru, tarehe 7 Februari 1974, bendera yake ilitiwa picha ya kungumanga. (Siasa za 1979 na vita vya 1983 tunaviacha, vina waandishi wake.) Kwa miaka mingi Grenada ilikuwa ya pili duniani baada ya Indonesia. Na hapa pia sisi na wao tu ndugu, kwani jitu hilo hilo ndilo lililotutikisa sote. Indonesia, iliyokuwa mnunuzi wetu mkubwa wa karafuu, ilipanda mikarafuu yake mpaka ikajitosheleza, na katika miaka ya 1980 bei yetu ikaanguka. Wao waliafikiana na Indonesia mwaka 1987 kuishika bei ya kungumanga, wakanufaika miaka michache, kisha mapatano yakavunjika.

Sasa tuje kwenye tufani.

Grenada iko kusini ya njia kubwa ya tufani za Karibi, na watu wake walizoea kusema kwamba tufani ni za visiwa vya kaskazini. Tarehe 22 Septemba 1955 ilikuja tufani iliyoitwa Janet. Mkungumanga una mizizi isiyokwenda chini sana na kichwa kizito cha majani. Upepo ukiushika huung'oa mzima mzima. Katika kila miti minne, kiasi cha mitatu ilianguka. Chama chao wakati huo kilikuwa na umri wa miaka minane tu.

Walifanya nini? Walipanda. Na kwa kuwa mkungumanga hauzai mpaka miaka saba au minane, na hautoi mavuno yake kamili mpaka umalize miaka kumi na tano au zaidi, walipanda migomba na mikakao baina yake ili wapate cha kula na cha kuuza wakingoja. Ndizi zikawa biashara kubwa ya kisiwa katika miaka ile. Tena mkungumanga una hila nyingine ambayo mkarafuu, alhamdulillahi, hauna: uko dume na uko jike, na huwezi kujua mche ulioushika ni upi mpaka utoe maua, baada ya miaka mitano, sita au hata minane. Madume hukatwa, yakabakizwa machache tu ya kuchavusha majike. Basi mtu hupalilia miaka sita mti ambao mwisho wake ni shoka. Pamoja na hayo yote walipanda, na katika miaka ya 1970 magunia yalikuwa yakitoka Gouyave kama kawaida.

Ikapita miaka 49. Waliopanda baada ya Janet walizeeka au walikufa. Watoto wao walikwenda Trinidad, Uingereza, Kanada na Marekani, kama walivyokwenda wazee wao kuchimba mfereji wa Panama na kufanya kazi katika mitambo ya mafuta ya Aruba. Hii ndiyo sababu hesabu ya watu wa St. John haiongezeki ijapokuwa watoto wanazaliwa: anayekua huondoka, na anayebaki hupokea fedha kwa posta na benki. Mikungumanga ilisimama, ikazaa, ikaokotwa. Nani angepanda mipya wakati ya zamani inatosha?

Tarehe 7 Septemba 2004 ikaja Ivan. Watu 39 walikufa katika nchi ile ndogo. Nyumba tisa katika kila kumi ziliharibika. Na mikungumanga, karibu tisa katika kila kumi ilianguka au ilivunjika. Mwezi wa Julai 2005 ikafuata tufani nyingine, Emily, juu ya kidonda hicho hicho.

Safari hii mambo hayakwenda kama ya 1955. Imepita miaka zaidi ya ishirini tangu Ivan, na mavuno ya kungumanga ya Grenada hayajarejea pale yalipokuwa. Ni sehemu ndogo tu ya yale ya zamani. Sababu hazikuwa upepo peke yake, kwani Janet nayo ilikuwa upepo. Kwanza, magogo makubwa yalilala juu ya miteremko ya St. John, yamepandana, na wa kuyaondoa alikuwa mzee wa miaka sitini au sabini na panga lake. Pili, mti uliokuwa haupandwi kila mwaka ulikuwa hauna akiba ya miche ya kutosha nchi nzima siku moja. Mbegu hutoka mtini, na miti yenyewe ndiyo iliyokuwa imelala chini. Tatu, na hili ndilo zito, mtu wa miaka sabini hana hamu ya kupanda mti wa miaka kumi na tano. Anaupanda kwa ajili ya nani, ikiwa mwanawe yuko Toronto?

Gouyave haikufa, na haki yake tuitoe. Mji ule una bahari. Wavuvi wake ni mashuhuri katika kisiwa chote. Huvua jodari kwa kamba ndefu zenye ndoana nyingi na kuwasafirisha nje, na kila tarehe 29 Juni huadhimisha sikukuu yao kwa kubarikiwa mashua na nyavu. Baada ya Ivan, tangu mwaka 2005, wakaanzisha Ijumaa ya samaki: kila Ijumaa jioni njia za mji hujaa majiko, na watu huja kutoka parokia nyengine na watalii kutoka mji mkuu kula na kutumia fedha. Kwa maoni yetu lile lilikuwa jambo la akili sana. Lakini mtazame mwenye shamba wa Clozier au Florida, huko juu, asiye na mashua. Huyo Ijumaa ya samaki haikumfikia sana.

Mwanachama atasema: hayo ni ya Karibi, sisi hatuna tufani. Sisi twamkumbusha Aprili 1872. Tufani iliipiga Unguja ikaangusha sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi yake, na Pemba ikasalimika. Ndiyo iliyoifanya Pemba kuwa kisiwa cha karafuu mpaka hivi leo. Neema yetu ilijengwa juu ya maafa ya wenzetu, na jambo hilo halitajwi mara nyingi. Nao watu wa Unguja, siku moja kabla yake, bila ya shaka walisema hawana tufani. Mwaka 2024, mwanzo wa mwezi wa Mei, kimbunga Hidaya kilifika Mafia, nacho kilikuwa kimepungua nguvu. Mafia si Karibi. Mwaka huo huo, tarehe 1 Julai, tufani Beryl iliangamiza nyumba nyingi sana za Carriacou.

Na tuseme tufani isije, Inshaallah isije. Mikarafuu haingoji tufani kufa. Wazee wanayakumbuka maradhi ya kufa ghafla, mti unakauka majani yote katika siku chache ukiwa na karafuu zake juu. Wengi katika sisi tunachuma miti waliyoipanda mababu. Mkarafuu huishi miaka mingi, hata mia na zaidi, lakini hauishi milele, na mti mkongwe huzaa kidogo, nao ndio unaovunjika tawi na mchumaji juu yake.

Sasa turudi kwenye hoja. Wenye kuileta wanasema kitalu kifungwe miaka mitatu, kisha kifunguliwe. Wanadhani mbegu ya mkarafuu ni kama mpunga, ya kutiwa katika kibuyu ikangojea mvua. Sivyo. Tunda la mkarafuu lililoachwa likaiva juu ya mti halina budi kupandwa mara moja. Likikaa wiki mbili tatu, mbegu imekufa. Hakuna ghala la mbegu za mikarafuu duniani. Ghala lake ni kitalu chenyewe, na kitalu ni kazi ya kila mwaka: kuchagua miti mama mizuri na kuiacha bila ya kuchumwa, kukusanya matunda, kupanda, kutia kivuli, kumwagilia wakati wa kiangazi. Wenye kuijua kazi hiyo katika Jumuiya yetu ni watu wachache. Tukiwaachisha miaka mitatu, watakwenda mjini kutafuta riziki, na siku tutakayofungua mlango tutakuta uzio na vibao.

Ama miche ya Serikali, twaishukuru na tunaichukua. Lakini tujiulize siku ya msiba mkubwa, kila mwenye shamba wa kisiwa anapokwenda kuomba kwa siku moja, wa kwetu atapata mingapi. Na mche ulioota wenyewe chini ya mti wa jirani haujulikani mama yake alikuwa mzazi au tasa.

Wako pia wanaosema kwa ukweli kwamba makato ni mazito kwa mwenye miti kumi. Hapo twawaunga mkono. Rai yetu ni kwamba mwanachama mwenye miti michache apunguziwe, na mwenye mashamba makubwa aongezewe kidogo, jumla ibaki ile ile. Kamati haikulikataa jambo hili. Halikupata kuletwa mbele yake kwa maandishi.

Na liko jambo jengine ambalo St. John imetufundisha, na kwa makusudi tumelichelewesha kulitaja kwa sababu litawaudhi baadhi ya wakubwa zetu. Miche peke yake haitoshi. Huko walikosa watu wa kuipanda kuliko walivyokosa miche. Tazama daftari la wanachama wetu: majina ni ya wazee, na wengine wamekwisha kufariki, Mungu awarehemu, na karafuu bado zinaletwa kwa majina yao na wana wasiokuwa na sauti katika mkutano. Kijana wa miaka ishirini na mitano huchuma, huanika, hubeba gunia, na fedha hupokea ami yake. Kisha twashangaa akienda Dar es Salaam au Muscat. Sisi twapendekeza kuwa miche ya kitalu igawiwe kwanza kwa vijana watakaoandikwa uanachama kwa majina yao wenyewe, katika vipande vya ardhi ambavyo familia zao zimekubali mbele ya sheha kwamba miti itakayopandwa ni yao. Mwenye kupanda mti wake hukaa kuulinda. Wala asiambiwe angoje miaka saba mikono mitupu: baina ya mikarafuu apande migomba, muhogo na mananasi, kama walivyofanya wale wa St. John baada ya Janet.

Twajua kuna wazee watakaosema kwamba tunawapa watoto kiburi. Wazee hao tunawaheshimu, na miti tunayochuma ni yao. Lakini wengi wao waliipata wakiwa na umri wa vijana hawa.

Hoja ya kufunga kitalu, pamoja na mapendekezo haya mawili, yaani ya makato kwa kiasi cha miti na ya uanachama wa vijana, zitakuwa mbele ya Mkutano Mkuu. Asiyeweza kuhudhuria ampe kauli yake mjumbe wa tawi lake kwa maandishi na sahihi, au kwa dole gumba mbele ya mashahidi wawili. Kitalu kiko wazi kila siku ya kazi kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri. Anayetaka kupiga kura kukifunga, tunamwomba aje kwanza akitazame.

Katibu